Umedhurika baada ya chanjo Marekani? Mwongozo kamili wa kudai fidia kabla muda haujakupita

Mtu anaingia na bahasha nene ya bili. Bega lake la kushoto halinyanyuki tangu adungwe chanjo ya mafua, hawezi hata kujifunga khanga bila kusaidiwa. Tunakaa, tunahesabu tarehe pamoja: miaka mitatu na wiki mbili tangu maumivu yaanze. Ukomo wa kudai ni miaka mitatu. Hapo nabaki na neno moja tu la kumpa, nalo ni pole.

Nafanya ukalimani kwa wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wengi wao ndugu zetu wa Kongo waliopitia kambi za Nyarugusu na Kakuma. Ninaowaona wakikosa fidia waliumia kweli. Kilichowaangusha ni tarehe na karatasi, na makosa yanajirudia kila mwaka. Nimeandika haya ili wewe usiyarudie. Mimi si wakili. Wakili utampata katika hatua ya 6, tena bila kutoa senti mfukoni.

Jambo moja kabla hatujaanza. Wanangu wamechanjwa na wataendelea kuchanjwa. Madhara makubwa ni nadra sana. Lakini yakimpata mtu, upo mfuko uliotengwa kwa ajili yake: kila dozi hutozwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, kwa hiyo chanjo ya MMR, inayokinga surua, matumbwitumbwi na rubela, huchangia dola 2.25. Kudai fedha hizo si kuomba sadaka, wala si kuishambulia chanjo.

## Viandae hivi kwanza

- Rekodi ya chanjo yenyewe: jina la chanjo, tarehe, mahali, mkono au paja lililodungwa, na namba ya toleo la dawa.
- Kumbukumbu zote za matibabu, kuanzia angalau miaka 3 kabla ya chanjo hadi leo. Kwa mtoto mdogo, anzia kliniki ya ujauzito wa mama na kujifungua.
- Kadi ya kliniki au daftari la hospitali la nyumbani, kama unalo, pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri.
- Bili, risiti za dawa, hati za mshahara, na barua za mwajiri zinazoonyesha siku ulizokosa kazi.
- Kama aliyechanjwa amefariki: cheti cha kifo, na ripoti ya uchunguzi wa maiti kama ulifanyika.
- Kama mtoto si wa kumzaa, unamlea tu: amri ya mahakama ya jimbo inayokupa ulezi.
- Daftari moja la kuandikia tarehe. Nunua leo.

Hilo la ulezi ni zito kwetu. Mtoto anakaa kwa shangazi au mama mdogo miaka mitano, shule inamjua shangazi, kanisa au msikiti unamjua shangazi, lakini sheria haimjui. Anayefungua dai kwa niaba ya mtoto lazima awe mzazi au mlezi anayetambuliwa kisheria. Anza kuishughulikia amri hiyo mapema, maana mahakama ya jimbo nayo ina foleni yake.

## Hatua ya 1: Jua mlango wako

Milango ni miwili, na ukigonga usio wako muda unaendelea kukatika.

VICP ni mpango wa serikali kuu wa fidia, unaopitia mahakamani, kwa chanjo za kawaida: pepopunda, dondakoo na kifaduro, MMR, tetekuwanga, homa ya ini A na B, Hib, HPV, mafua ya msimu, polio, rotavirusi, homa ya uti wa mgongo, na ile ya nimonia ya aina ya konjugeti. Mtoto au mtu mzima, wote wamo. Hakuna sharti la uraia. Nimeona watu wakikaa kimya kwa kudhani dai ni la wenye pasipoti ya Marekani pekee, na si kweli.

CICP ni mpango mwingine kabisa wa fidia, na ndiko ziliko chanjo za KOVIDI-19. Hauendi mahakamani, fomu hupelekwa kwenye idara ya afya ya serikali iitwayo HRSA. Haulipi maumivu, haumlipi wakili, na hulipa tu kile ambacho bima na wengine hawajakilipa.

Sasa angalia zile tunazodungwa tukijiandaa kwenda nyumbani. Homa ya manjano, homa ya matumbo, kichaa cha mbwa: hazimo katika VICP. Chanjo ya mkanda wa jeshi wanayopewa wazee haimo pia. Kwa hizo njia iliyobaki ni kesi ya kawaida chini ya sheria za jimbo lako, kila jimbo na ukomo wake wa muda. Mwone wakili wa jimbo mara moja.

Na kama ulichanjwa nje ya Marekani? Ukiacha wanajeshi na watumishi wa serikali ya Marekani walioko nje na familia zao, sheria inataka mambo mawili: chanjo iwe imetengenezwa na kampuni iliyoko Marekani, na mtu awe amerejea Marekani ndani ya miezi 6 tangu kuchanjwa. Mtoto anayeishi Ohio akachanjwa Dar likizoni anaweza kuingia humo. Kwa aliyechanjwa kambini kabla ya safari yake ya kwanza, neno "amerejea" ni kikwazo kikubwa. Usijikatie tamaa mwenyewe, ila swali hilo liwe la kwanza kwa wakili.

Dalili ya kuwa umeimaliza hatua hii: unaweza kusema kwa sentensi moja jina la chanjo na mlango wake.

## Hatua ya 2: Hesabu siku, kisha izungushie duara

Katika VICP una miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Si tangu daktari alipoupa ugonjwa jina, si tangu ulipojua mpango huu upo. Dalili ya kwanza, hata kama siku ile ulidhani ni uchovu.

Kwa kifo, dai lifunguliwe ndani ya miaka 2 tangu kifo, na pia isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza ya ugonjwa uliosababisha kifo hicho.

Katika CICP ni mwaka 1 tu, na unahesabiwa kutoka siku ya kuchanjwa.

Kisha kuna kipimo cha uzito. VICP haipokei homa ya siku mbili. Lazima madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6 tangu chanjo, au yawe yamesababisha kulazwa hospitali pamoja na upasuaji, au kifo. Hilo la upasuaji huwasaidia hasa watoto wachanga ambao utumbo hujikunja ukaingia ndani yake wenyewe baada ya chanjo ya rotavirusi: mtoto anaweza kupona ndani ya mwezi, na dai likabaki halali kwa sababu alilazwa akapasuliwa.

Onyo: wengi wamejaza taarifa ya VAERS, wakapewa namba, wakarudi nyumbani kusubiri. VAERS ni mfumo wa kuripoti tu, wa kusaidia serikali kufuatilia usalama wa chanjo. Hauna fedha, hausimamishi saa. Ripoti, ni jambo jema, lakini usidhani umedai.

Andika siku ya mwisho ukutani. Kisha ondoa miezi sita, na tarehe hiyo ya mapema ndiyo uifanye yako. Mawakili wengi husita kulichukua faili lililobakiza wiki mbili.

## Hatua ya 3: Daktari aandike, na aandike sawasawa

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo madai mengi yanapofia.

Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa heri. Daktari anauliza hali, mama anajibu "nzuri tu, namshukuru Mungu", mkalimani anatafsiri, daktari anaandika: mgonjwa anasema yuko vizuri. Miaka miwili baadaye mawakili wa serikali wanausoma mstari huo mbele ya mahakama. Mama hakudanganya, alikuwa na adabu. Lakini karatasi haijui adabu zetu.

Kwa hiyo, ukiingia kwa daktari, salimia, kisha taja mambo manne bila kusubiri kuulizwa:

1. Nilichanjwa chanjo fulani, tarehe fulani, mkono huu.
2. Dalili zilianza siku fulani, saa fulani.
3. Kabla ya hapo sikuwa na tatizo hili (au nilikuwa nalo, na lilikuwa hivi).
4. Leo siwezi kufanya kitu fulani: kunyanyua mtoto, kusuka, kuendesha gari, kulalia upande huo.

Zingatia namna tunavyotaja saa. Mtoto amechanjwa saa nne asubuhi, akavimba uso saa saba mchana. Ni masaa matatu. Lakini zahanati imeandika chanjo saa 10, na wewe unasema "saba" bila kugeuza, mtu anaandika saa 7 jioni. Masaa matatu yamekuwa tisa. Kwa mzio mkali wa ghafla, sheria inatambua dalili zilizoanza ndani ya masaa 4. Neno moja limemtoa mtoto nje ya sheria. Sema "saa 1 mchana kwa saa za Kizungu", na umwombe mkalimani arudie.

Tarehe nazo: 05/09 kwetu ni tarehe 5 Septemba, Marekani ni tarehe 9 Mei. Andika jina la mwezi kwa herufi, kila mahali, siku zote.

Usimtumie mtoto wako kama mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kukupa mkalimani bure. Muombe kila ziara, na kama mnatofautiana lahaja, kwa mfano wewe ni wa Kiswahili cha Bukavu na yeye ni wa Mombasa, sema hamuelewani vizuri, mwombe mwingine.

Na usiache kwenda. Mtu anaona mazoezi ya viungo yanamla dola 30 kila wiki, anaacha mwezi wa tatu, anavumilia nyumbani. Maumivu yanaendelea mwaka mzima, lakini faili linaonyesha miezi mitatu. Miezi 6 itathibitishwa na nini? Kama fedha zimekwisha, mwambie daktari waziwazi kuwa unaacha kwa sababu ya gharama na bado unaumwa, aandike hivyo.

Umefanikiwa pale unapoomba maelezo ya ziara yako, ukayasoma au ukasomewa, ukakuta chanjo imetajwa, tarehe ya mwanzo wa dalili imetajwa, na uwezo uliopotea umetajwa. Ukikuta kosa, omba lirekebishwe kwa maandishi wiki hiyohiyo. Marekebisho ya wiki moja yana uzito. Ya miaka miwili yananuka mahakamani.

## Hatua ya 4: Kusanya kumbukumbu zote

Una haki kisheria ya kupata kumbukumbu zako, na hospitali ina siku 30 kujibu. Omba kutoka kila mlango uliopita: daktari wa familia, chumba cha dharura, duka la dawa lililokuchanja, mtaalamu wa mazoezi. Omba "faili lote", si muhtasari.

Usifiche ya zamani. Kama uliwahi kuumwa bega ukiwa unabeba magunia Kigoma, litaje. Upande wa pili watasoma kila ukurasa, na kinachoharibu dai ni kuonekana umeficha.

Kagua majina na tarehe za kuzaliwa. Wakimbizi wengi wameandikiwa tarehe 1 Januari, na jina moja limeandikwa namna tatu katika karatasi tatu. Tengeneza ukurasa mmoja unaoeleza kuwa majina haya yote ni ya mtu mmoja.

## Hatua ya 5: Pima dai lako kwenye Jedwali

Serikali ina jedwali linalotaja chanjo, madhara, na muda. Ukiangukia ndani yake, sheria inachukulia kuwa chanjo ndiyo chanzo, na kazi ya kupinga inahamia kwa serikali. Mifano:

- Jeraha la bega kutokana na sindano, linaloitwa SIRVA: maumivu yaanze ndani ya masaa 48, na yabaki kwenye bega hilo tu.
- Ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia neva, baada ya chanjo ya mafua: siku 3 hadi 42.
- Utumbo kujikunja baada ya rotavirusi: siku 1 hadi 21.
- Kuzirai baada ya sindano: ndani ya saa 1.

Ukiwa nje ya Jedwali bado mlango upo, ila mzigo ni wako. Tangu uamuzi wa kesi ya Althen mwaka 2005, unapaswa kuonyesha mambo matatu: nadharia ya kitabibu inayoeleza chanjo hiyo inavyoweza kuleta dhara hilo, mfuatano unaoonyesha ndivyo ilivyokuwa kwako, na muda unaoingia akilini. Si lazima uthibitishe bila shaka yoyote; inatosha iwe na uwezekano zaidi ya nusu. Hapo mtaalamu wa tiba anahitajika.

Kuhusu usonji nisikufiche. Mahakama inayosikiliza madai ya VICP ilisikiliza kesi za mfano kwa niaba ya maelfu ya familia, ikatoa hukumu mwaka 2009 na 2010, na ikazikataa. Usimlipe mtu anayekuahidi njia ya mkato huko.

## Hatua ya 6: Tafuta wakili, usitoe asilimia

Katika VICP, wakili hulipwa na mfuko. Hata ukishindwa hulipwa, mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lilikuwa na msingi. Sheria inamkataza kukutoza wewe ada, wala kukata sehemu ya fidia yako. Anayekuambia "nitachukua theluthi" ama hajui mpango huu au anakuibia. Ondoka.

Wakili wa ajali za magari hatoshi. Tovuti ya mahakama ya U.S. Court of Federal Claims ina orodha ya mawakili wanaofanya kesi za chanjo, nao hupokea wateja kutoka jimbo lolote, kwa simu. Akikataa wa kwanza, mpigie wa pili, na wa tatu. Kukataliwa na mmoja si hukumu.

Unaruhusiwa kwenda mwenyewe bila wakili. Kwa dai la nje ya Jedwali sikushauri.

## Hatua ya 7: Andika tamko lako na la mashahidi

Simulia kwa mpangilio wa siku: ulikuwaje kabla, siku ya sindano, usiku ule, wiki ile, leo. Mashahidi wazuri ni wale walioona kwa macho: mume aliyekupikia, jirani aliyekubebea ndoo, msimamizi wa kazini.

Shahidi aliyeko Goma au Mombasa anafaa pia, tena hahitaji wakili wa kugonga muhuri. Sheria za shirikisho zinakubali tamko lililotiwa sahihi na tarehe, likisema ni la kweli na kwamba akidanganya atakabiliwa na adhabu ya kiapo cha uongo. Akiwa nje ya Marekani aongeze maneno kuwa anatamka hivyo chini ya sheria za Marekani. Maneno hayo yakikosekana, tamko linaweza kutupwa. Mpe wakili aandae sentensi kamili.

Shahidi aandike kwa lugha anayoimudu. Tamko la Kiswahili lenye tafsiri ni bora kuliko la Kiingereza asichokielewa.

## Hatua ya 8: Wasilisha

Dai la VICP hufunguliwa katika U.S. Court of Federal Claims, iliyoko 717 Madison Place NW, Washington, D.C., na nakala hupelekwa kwa Waziri wa Afya wa Marekani kupitia HRSA. Mdaiwa ni waziri huyo, si muuguzi aliyekuchoma wala kampuni. Nawaambia hivi kwa sababu wapo wanaoogopa kumponza muuguzi wa watu, hatashitakiwa.

Ada ya kufungua inazidi kidogo dola 400, na asiye na uwezo anaweza kuomba asamehewe. Kama siku zimebaki chache na kumbukumbu hazijakamilika, fungua na ulichonacho kisha uongeze. Dai pungufu lililofika kwa wakati linarekebishika, lililochelewa hapana.

Umefanikiwa ukishapata namba ya kesi. Iandike kwenye daftari.

## Hatua ya 9: Kusubiri, kupatana, kulipwa

Kesi husikilizwa na mahakimu maalumu wanaoitwa special masters. Madaktari wa serikali watalipitia faili, kisha mawakili wa Wizara ya Sheria watatoa ripoti yao. Miaka miwili au mitatu si ajabu. Ukihama nyumba au kubadili simu, mjulishe wakili siku hiyohiyo.

Sehemu kubwa ya fidia, karibu asilimia 60, hutokana na mapatano ambayo serikali haikiri kuwa chanjo ndiyo chanzo. Usione ni dharau. Fedha ni zilezile.

Kinacholipwa ni gharama za matibabu zilizopita na zijazo ambazo bima hailipi, mshahara uliopotea, na maumivu hadi dola 250,000. Kwa kifo ni dola 250,000 kwa warithi.

Maamuzi huwekwa hadharani. Una siku 14 kuomba maelezo fulani yafichwe, na jina la mtoto linaweza kuandikwa kwa herufi za mwanzo. Kama hutaki ndugu wasome habari za afya yako mtandaoni, mkumbushe wakili siku hizo 14.

Ukishindwa, una siku 30 kuomba jaji wa mahakama hiyohiyo aupitie uamuzi. Hukumu ikitoka, una siku 90 kusema kwa maandishi kama unaipokea au unaikataa ili ufungue kesi ya kawaida. Ukinyamaza, unahesabiwa umeipokea.

Kama familia yako iko kwenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au mtoto anapokea SSI (malipo ya serikali kwa wenye ulemavu na kipato kidogo), zungumza na wakili kabla hundi haijatoka. Fedha nyingi zikiingia ghafla kwenye akaunti zinaweza kumfutia mtoto huduma anazozitegemea kila siku, na Medicaid inaweza kudai irudishiwe ilichokwisha kumlipia. Njia za kuziweka fedha hizo kisheria zipo, lakini hupangwa kabla ya kusaini.